Dhahabu ya Ngozi Tu

Katika soko la Bunia hereni na mikufu inang'aa mezani, na wateja wanasema eti ni dhahabu. Kumbe ndani ni shaba ya njano, na mabwe yake ni kioo tu.

Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1840, akina Elkington wa Birmingham, Uingereza, walipata hati ya kupaka dhahabu kwa umeme. Pambo linafungwa kwenye upande hasi wa umeme, linazamishwa ndani ya maji yenye chumvi za dhahabu, na dhahabu inalishika polepole. Ngozi hiyo mara nyingi haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimeta. Mabwe yanabandikwa baadaye, maana rangi ya fedha iliyo mgongoni mwa kioo ingeharibika katika maji hayo. Jasho la miezi michache, shaba inatokea, sikio linawasha.

Na sisi ni watu wa Ituri! Wageni walikuta dhahabu huko Kilo mwaka 1903. Wazee wetu waliichimba, lakini mpaka mwanzo wa miaka ya 1980 ilikuwa kosa raia kushika dhahabu mbichi. Leo mchimbaji wa Mongbwalu anauza yake, nyingi inavuka Uganda, inafika Dubai. Naye akirudi nyumbani anamuletea bibi yake mukufu wa soko. Tumeona bibi-arusi amevaa wa namna hiyo. Hakuna aliyecheka, wamama walipiga vigelegele.