Kitabu Kimoja, Mikono Mingi

Mwenzetu mmoja kaolewa bara, Nkunga ya Rungwe, kwenye migomba, chai na mvua nyingi. Kabla ya safari alituuliza atie vitabu vingapi sandukuni. Tukamwambia viwili vinatosha, kisha tukaanza kukumbushana mabibi zetu walivyosoma bila kabati la vitabu.

Chuoni mtoto hakupewa daftari, alipewa ubao. Mwalimu aliandika kwa kalamu ya utete na wino wa masizi, mtoto akasoma mpaka akahifadhi, kisha ubao ukaoshwa kwa maji ukaandikwa somo jengine. Kaka akimaliza, dada anaupokea.

Karatasi ilikuwa ghali, ikija na vyombo kutoka ng'ambo, ndiyo maana haikuchezewa. Huko Siyu, kisiwani Pate, misahafu ilinakiliwa kwa mkono karne ya 18 na ya 19. Na ni Siyu hiyo hiyo alikoolewa Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka. Mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, alimtungia utendi bintiye Mwana Hashima, kumuusia dini yake na maisha ya ndoa. Haukupigwa chapa. Wanawake waliazimana, wakanakili, wengine wakauhifadhi kwa moyo. Maharusi wa leo tunachapisha kadi mamia kwa mamia, na wiki ya pili ziko jaani. (Na sisi tumo, hatujitoi.)

Lakini kinachotugusa zaidi ni wakfu. Katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, alioujenga Habib Saleh, vimo vitabu vya mkono ambavyo wenyewe waliviweka wakfu. Kitabu cha wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi. Mwenye haja hukisoma akakiacha kwa wengine. Mwenye kukitoa anatarajia thawabu kila kinapofunguliwa, hata akiwa kaburini. Miaka ya 2010 maandiko hayo yalipigwa picha kwa msaada wa mradi wa British Library, yakawekwa kwenye intaneti, na kurasa kongwe zikapumzishwa vidole.

Bibi harusi wetu ameshafika. Vitabu vyake viwili amevifunga kanga na kuviweka juu, mbali na ukuta, visiote ukungu. Kimoja ni msahafu wa mama yake. Cha pili amekiandika wakfu ukurasa wa mwanzo, na jirani mmoja ameshakiazima.