Sinema Katika Milima ya Korogwe

Msafiri atokaye Segera kwenda Korogwe, akiinua macho, huiona milima ya Usambara imesimama ghafla juu ya nyika ya mkonge, na aghalabu huiwazia baridi, majani ya chai na mboga ziteremshwazo kila siku kuja kuuzwa mjini. Ni nadra kumpata awazaye kwamba katika milima hiyo, mahali paitwapo Vugiri, palikuwapo miaka tisini hivi iliyopita karakana ya kutengeneza sinema, iliyokusudiwa kuhudumia Afrika ya Mashariki na sehemu kubwa ya Afrika ya Kati. Watu wa Korogwe hujisifia reli, iliyowafikia mwaka 1902, na hujisifia mto Pangani na mashamba makubwa ya Magunga na Ngombezi. La sinema hawalitaji, na mimi naona wanajipunja.

Asili ya jambo lenyewe ilikuwa mbali. Mwaka 1932 Mmarekani mmoja, J. Merle Davis, alikwenda kuchungua athari za machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi iitwayo leo Zambia, juu ya maisha ya wenyeji, akarejea na rai kwamba picha za sinema zingeweza kumfahamisha mtu aliyetoka kijijini dunia hiyo mpya iliyomwangukia bila taarifa. Shirika la Carnegie la New York likatoa fedha, na mwaka 1935 kazi ikaanza Vugiri chini ya mabwana wawili, L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba huku Afrika ya Mashariki, na G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Anayejua taabu ya kuosha filamu katika joto la pwani hatauliza kwa nini watu hao walipanda mlimani.

Kazi yao ilikuwa ya werevu, na haki ya mtu apewe. Walitumia filamu nyembamba ya milimita 16, iliyo rahisi kwa gharama, na sauti hawakuitia ndani ya filamu bali kwenye sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha, hata picha ile ile ikaweza kusema Kiswahili leo na lugha nyingine kesho kwa kubadili sahani tu. Hadi mwaka 1937 walikuwa wamekwisha kutengeneza filamu 35 au karibu na hapo: juu ya safura, juu ya malaria ya watoto wachanga, juu ya mmomonyoko wa ardhi, juu ya chai, juu ya kodi, na hata juu ya benki ya akiba ya posta, ambamo mfanyakazi aliyefukia fedha zake ardhini huibiwa, na mwenziwe aliyeziweka benki hustarehe. Waigizaji walikuwa wenyeji, mandhari ilikuwa ya kwetu, lakini ibra ya kila hadithi ilikuwa imekwisha kukatwa na kushonwa kabla kamera haijafunguliwa, na daima ilimwelekea bwana mkubwa: lipa kodi, weka akiba, chimba choo. Choo ni kitu chema, wala sina ugomvi nacho. Ninachouliza ni kwa nini katika filamu zote hizo haimkiniki kukuta mwenyeji akimfundisha mgeni jambo hata moja.

Kisha lori la kuonyesha filamu hizo likateremka mlimani. Katika safari yake ya kwanza, iliyoanza Septemba 1935 na kuendelea kwa muda wa miezi mitano hivi, lilipita Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Kenya na Uganda, likaonyesha picha kiasi cha mara 95 mbele ya watu wakadiriwao kuwa 80,000. Hesabu hiyo ni kubwa kwa zama hizo za barabara za udongo. Lakini watawala hawakupenda kujua watu wameona nini. Walipenda kujua kama wameelewa, na katika miaka ile na iliyofuata ikajengeka itikadi kwamba akili ya Mwafrika haiwezi kufuata picha ziendazo mbio. Hadithi iliyovuma kuliko zote ni ya wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaza kitambaa kizima, wakasema kwamba huku kwao, alhamdulillahi, hakuna mbu wakubwa kiasi hicho. Hadithi hiyo ikaandikwa na kurudiwa kama dalili ya ujinga, na mtu wa Handeni, aliyelelewa katika utani wa Wazigua ambao hata msibani haunyamazi, ataisoma mara moja tu na kutambua kwamba bwana aliyeionyesha picha hiyo alitaniwa.

Mwaka 1937 fedha za Carnegie zikafika ukomo, serikali za makoloni hazikuwa tayari kuubeba mzigo, na karakana ya Vugiri ikafungwa. Vita vilipoanza, Waingereza wakaanzisha mwaka 1939 idara ya filamu kwa ajili ya makoloni yote, na magari yake yakazunguka na habari za vita. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikatokea picha za Kiswahili zilizochezwa hapa nchini, kama Muhogo Mchungu, na mchezaji wao mashuhuri alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Walioona uso wake kitambaani, akiwa mshamba aliyepotea mjini, walipata fursa adimu ya kumlinganisha.

Katika mashamba ya mkonge, ambako manamba waliletwa kutoka Ubena, Urundi na Msumbiji, sinema ilikuwa burudani ya usiku na pia njia ya kuwatuliza watu kambini. Mwenye nauli alipanda gari moshi hadi Tanga, kwenye majumba kama Majestic, Novelty na Regal, akaone filamu za Kihindi. Awara ya Raj Kapoor ilitoka mwaka 1951, Mother India mwaka 1957, na wapo wazee wa Korogwe waziimbao nyimbo zake hadi leo pasipo kujua neno moja la Kihindi. Filamu hizo hakuna aliyetumwa kuwapelekea. Walizifuata wenyewe, wakalia wenyewe, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mama, deni, mahakama na mtoto aliyepotea, mambo ambayo mtu wa Uzigua hahitaji sahani ya santuri kuyafahamu.

Mimi nilikulia Handeni, na sinema niliyoijua kwanza ni ya gari la serikali, lililofika jioni na jenereta yake, likatundika kitambaa uwanjani baina ya nguzo mbili. Wakubwa walikaa mbele. Sisi watoto, tukikosa nafasi, tulizunguka nyuma ya kitambaa, ambako picha ilionekana vile vile ila kinyume. Zilipoletwa habari za vita vya Kagera, watoto wa mbele na wa nyuma tulibishana siku nyingi kama jeshi letu lilishika bunduki kwa mkono wa kulia au wa kushoto, na kila upande ulikuwa na mashahidi. Hata leo nisikiapo watu wawili wakigombania taarifa ya habari, kwanza huuliza walikuwa wamekaa wapi.

Baadaye yakaja mabanda ya video, na televisheni ikaanza Bara mwaka 1994. Juu ya mabanda nina neno moja tu: humo ndimo mtazamaji alimolipiza kisasi cha Vugiri. Derek Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu, alizichukua filamu za ng'ambo akaweka juu yake sauti yake ya Kiswahili, akieleza, akiongeza, akitania, hata jambazi wa Hong Kong akawa na tabia za jirani. Ufundi ulikuwa ule ule wa picha moja na sauti ya kubadilishwa. Kilichobadilika ni mwenye kusema.

Nayataja haya kwa sababu ya habari za siku hizi. Tangu Juni 2022 jina la Handeni limetajwa duniani kuliko wakati wowote niukumbukao, kwa ajili ya familia za Wamasai zilizohamishwa kutoka Ngorongoro hadi kijiji cha Msomera. Picha zilizosambazwa kwenye televisheni na simu zilionyesha nyumba mpya zilizopangwa mstari, na wenyeji wapya wakishukuru. Watetezi wao wakaonyesha picha nyingine, za watu wakilalamika kwamba hawakupewa hiari. Katika filamu chache za mradi wa Vugiri zilizosalia, mojawapo, ya mwaka 1936, inahusu mashamba ya Kingolwira karibu na Morogoro, mahali ambapo serikali iliwapanga wakulima Waafrika katika viwanja vya mfano. Sisemi Kingolwira na Msomera ni jambo moja; zama ni mbali, na serikali si ile. Lakini kamera imesimama pale pale, upande wa mwenye kupanga viwanja.

Filamu hiyo imehifadhiwa London, pamoja na ile ya safura. Halmashauri ya Korogwe ingeweza kuomba nakala zake, gharama yake isingezidi ya semina moja, zikaonyeshwa Vugiri kwenye uwanja wa shule, na kipaza sauti akakabidhiwa mzee yeyote wa pale azieleze apendavyo.