Udaktari Uliofunzwa Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Mwaka 1950 Donald Hebb, mwalimu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, alimtuma mwanafunzi wake Brenda Milner kwa mpasuaji Wilder Penfield, aliyetibu kifafa kwa kuondoa sehemu ya ubongo iliyo upande wa panja. Milner alipata shahada ya udaktari mwaka 1952, akaiacha kazi yake ya uhakika katika Chuo Kikuu cha Montreal ili abaki hospitalini.

Wagonjwa wawili wa Penfield, waliokatwa upande wa kushoto tu, walipoteza uwezo wa kushika jambo jipya. Habari hiyo ilimfikia William Scoville wa Hartford, Marekani, ambaye mwaka 1953 alimkata Henry Molaison, kijana wa miaka 27, pande zote mbili. Milner alimwendea Aprili 1955. Alipomwuliza tarehe, Molaison alijibu kwamba ni Machi 1953. Hata hivyo, alipochora nyota akiutazama mkono wake kiooni, ustadi wake ulizidi siku hata siku, bila yeye kukumbuka kwamba amewahi kujaribu. Basi kumbukumbu si kitu kimoja. (Lugha yetu hutenga ubongo na akili, ni katika majaribio kama haya ndipo tunapoona vinavyoshikamana.) Suzanne Corkin, aliyepata udaktari McGill mwaka 1964, aliendelea kumchunguza Molaison hadi kifo chake mwaka 2008.

Kanuni zilifuata baadaye. Mkutano wa Houston wa Septemba 1997 uliagiza udaktari wa saikolojia, mazoezi ya hospitali, kisha miaka 2 ya ukaazi chini ya msimamizi. Semina fupi za kujiendeleza hazimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa nyurosaikolojia ya tiba. Labda Milner wa mwaka 1952 asingetimiza masharti hayo, wala njia hiyo haikuwapo. Lakini sidhani kwamba ukali huo ni wivu wa wenye vyeo. Mmoja wa wagonjwa wale wawili wa Penfield alifariki mwaka 1964, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha kwamba upande wake wa kulia ulikuwa umeharibika kabla ya kupasuliwa. Kisu kilikuwa kimeondoa upande uliokuwa mzima. Siku hizi, kabla ya upasuaji wa namna hiyo, kumbukumbu ya mgonjwa hupimwa kwanza, na matokeo ya kipimo hicho huongoza mkono wa mpasuaji.