Kasri la Neuschwanstein: Kutoka Maficho ya Mfalme hadi Mali ya Umma

1.0 Utangulizi

Kasri la Neuschwanstein limesimama juu ya mwamba katika eneo la Schwangau, kusini mwa Bavaria nchini Ujerumani, karibu na mpaka wa Austria. Kwa minara yake mirefu na kuta zake nyeupe, huonekana kama jengo lililotoka katika ngano za paukwa pakawa, na wageni wengi hulidhania kuwa ni masalia ya Zama za Kati. Insha hii inajadili kwamba dhana hiyo inaficha historia yenyewe. Neuschwanstein ni zao la karne ya 19: lilitokana na kudhoofika kwa mamlaka ya mfalme, likajengwa kwa teknolojia ya enzi ya viwanda, kisha likadumu kwa kuufungulia umma milango ambayo mwenye nalo alikusudia ibaki imefungwa.

2.0 Taji lililobaki bila nguvu

Ludwig wa Pili alirithi ufalme wa Bavaria mwaka 1864 akiwa na umri wa miaka 18. Mwaka 1866 Bavaria, ikiwa upande wa Austria, ilishindwa vitani na Prusia. Mkataba uliofuata uliweka jeshi lake chini ya amri ya mfalme wa Prusia wakati wa vita, na mwaka 1871 Bavaria ikawa sehemu ya Dola mpya ya Ujerumani. Ludwig alibaki na cheo, lakini uamuzi wa vita na amani haukuwa tena mikononi mwake.

Mipango ya ujenzi ilianza muda mfupi baada ya kushindwa huko. Mwaka 1867 mfalme alizuru ngome ya Wartburg nchini Ujerumani na kasri la Pierrefonds nchini Ufaransa. Mwaka uliofuata alimwandikia mtunzi wa opera Richard Wagner kuhusu nia yake ya kujenga upya magofu ya ngome ya kale karibu na Hohenschwangau. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 5 Septemba 1869.

3.0 Sura ya kale, mwili mpya

Michoro ya awali ilitolewa na Christian Jank, mchoraji wa mandhari za jukwaani. Wasanifu majengo Eduard Riedel, Georg Dollmann na Julius Hofmann ndio waliosimamia kazi kwa zamu. Kwa hiyo, sura ya kasri ilitangulia kubuniwa kwa jicho la jukwaa. Nyuma ya sura hiyo mlikuwa na chuma, mfumo wa kupasha vyumba joto, maji ya bomba, kengele za umeme na simu.

Chumba cha Enzi kinadhihirisha zaidi lengo la mfalme. Kilijengwa kwa mfano wa kanisa la Kibizanti, na mahali palipostahili altare ndipo palipokusudiwa kuwekwa kiti cha enzi. Ufalme uliopungua katika siasa ulitukuzwa katika usanifu. Hata hivyo, kiti hicho hakikuwekwa kamwe.

4.0 Madeni, kifo na kiingilio

Ludwig hakugharimia ujenzi kwa hazina ya serikali, bali kwa mapato yake na mikopo. Kufikia mwaka 1885 madeni yake yalikuwa takriban marki milioni 14. Juni 1886, jopo la madaktari lililoongozwa na Bernhard von Gudden lilitangaza kuwa mfalme ni mgonjwa wa akili, ingawa Gudden hakuwa amempima. Alikamatwa Neuschwanstein tarehe 12 Juni. Kesho yake yeye na Gudden walikutwa wamekufa katika Ziwa Starnberg; chanzo cha vifo hivyo kingali na utata. Katika kasri hilo alikuwa ameishi kwa muda mfupi tu.

Tarehe 1 Agosti 1886, wiki saba baadaye, wageni walianza kuingia kwa kiingilio. Mapato hayo yaliwasaidia wasimamizi wa mirathi kulipa madeni ya ujenzi kufikia mwaka 1899.

5.0 Kinachoonwa na kinachofichika

Leo kasri ni mali ya Jimbo la Bavaria na hupokea zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka. Ndani huingiwa kwa makundi yanayoongozwa, kwa takriban nusu saa. Umaarufu wake uliimarishwa na kasri la Disneyland lililofunguliwa California mwaka 1955, ambalo lilichota sura yake kwa Neuschwanstein. Taswira hiyo ya ngano huelekea kufunika sura nyingine: wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jengo hili lilikuwa ghala la Wanazi la kazi za sanaa zilizoporwa Ufaransa, nyingi zikiwa mali ya familia za Kiyahudi.

6.0 Hitimisho

Mwaka 2025 UNESCO iliyaorodhesha makasri ya Ludwig, Neuschwanstein likiwemo, kuwa Urithi wa Dunia. Uamuzi huo unaongeza wajibu wa kulisoma jengo hili kama hati ya kihistoria. Atakayeridhika na minara ataondoka na ngano. Atakayeuliza kwa nini Chumba cha Enzi hakina kiti ataikuta historia ya Bavaria.