Gharama ya kuomba habari za serikali: Nani alipe, na ombi liwe na mipaka gani?

Mwananchi anapoiandikia afisi ya umma akitaka kujua fedha za barabara ya kwao zilitumiwa vipi, sharti afisa mmoja aweke kando kazi nyingine, asake faili na kutoa nakala. Muda wa afisa huyo una gharama. Kila taifa lililopitisha sheria ya uhuru wa habari limelazimika kuamua ni nani atakayebeba gharama hiyo, na ni wakati gani afisi itaruhusiwa kukataa kwa sababu kazi imezidi. Masuala haya huonekana kuwa ya wahasibu tu. Kwa hakika ndiyo yanayoamua iwapo sheria itamfaa mwananchi au la.

Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka wa 2000 na kuanza kuitekeleza Januari 2005. Kuomba habari huko hakulipiwi ada yoyote. Badala yake, kanuni za mwaka wa 2004 ziliweka kikomo cha kazi. Wizara na idara za serikali kuu zingeweza kukataa ombi ambalo gharama yake ingepita pauni 600. Kwa afisi nyingine za umma, kama vile mabaraza ya miji na polisi, kikomo kilikuwa pauni 450. Saa moja ilihesabiwa kuwa pauni 25, awe anayeifanya kazi ni karani au mkurugenzi, kwa hivyo vikomo hivyo ni sawa na saa 24 na saa 18.

La msingi zaidi ni aina ya kazi inayohesabiwa. Kanuni zilitaja kazi nne pekee: kuthibitisha kama habari ipo, kuitafuta, kuichukua ilikohifadhiwa, na kuitoa ndani ya stakabadhi yenye mambo mengine. Muda ambao wakubwa hutumia kusoma, kushauriana na kuamua iwapo jambo ni siri haukuingizwa katika hesabu. Aidha, afisi iliruhusiwa kujumlisha maombi ya mtu mmoja, au ya watu wanaoshirikiana, mradi yawe yanahusu jambo moja au yanayokaribiana na yawe yameletwa katika muda wa siku 60 za kazi.

Mwishoni mwa mwaka wa 2006, serikali ya Tony Blair ilitaka kuyabadilisha yote mawili. Ilikuwa imepokea ripoti ya kampuni ya Frontier Economics iliyokadiria kwamba utekelezaji wa sheria hiyo uligharimu pauni milioni 35.5 kwa mwaka. Ikapendekeza kwamba muda wa kusoma, kushauriana na kutafakari uhesabiwe, na kwamba maombi ya mtu au shirika moja yaweze kujumlishwa hata kama yanahusu mambo tofauti kabisa.

Athari yake si vigumu kuiona. Habari inapokuwa nyeti, ndivyo mawaziri na mawakili wengi wanavyoitwa kushauriana, na ndivyo saa zinavyokwisha upesi. Ombi kuhusu idadi ya viti vya afisi lingejibiwa. Ombi kuhusu uamuzi wa waziri lingegonga mwamba. Nalo shirika kubwa la habari lenye mamia ya waandishi lingehesabiwa kama mwombaji mmoja. Upinzani ulikuwa mkali, na Oktoba 2007 Gordon Brown, aliyekuwa amemrithi Blair, aliyatupilia mbali mapendekezo hayo.

Hata kikomo cha awali kilikuwa na makali yake. Mwandishi Heather Brooke alipoomba maelezo ya marupurupu ya nyumba za pili za wabunge wote, alikataliwa kwa sababu ya gharama. Akalipunguza ombi hadi wabunge 10. Yeye na waandishi wengine wawili walipambana na Bunge hadi Mahakama Kuu, iliyowapa ushindi Mei 2008. Mwaka uliofuata, gazeti la Daily Telegraph lilipata na kuchapisha maelezo kamili. Spika Michael Martin akajiuzulu, na baadaye baadhi ya wabunge wakafungwa jela.

Ireland ilipitia njia nyingine, ile ya kutoza ada. Sheria yake ya mwaka wa 1997 ilirekebishwa mwaka wa 2003, na ombi la habari zisizomhusu mwombaji binafsi likaanza kulipiwa euro 15. Aliyetaka uamuzi utazamwe upya katika afisi iyo hiyo alidaiwa euro 75, na rufaa kwa Kamishna wa Habari ikawa euro 150. Euro 15 si pesa za kumfilisi mkazi wa Dublin. Lakini Kamishna Emily O'Reilly aliporipoti mwaka wa 2004, maombi kwa jumla yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya nusu, na yale ya habari zisizo za kibinafsi kwa asilimia 75. Ada ya euro 15 ilifutwa kwa sheria ya mwaka wa 2014, na zile nyingine mbili zikapunguzwa hadi euro 30 na euro 50.

Maafisa nao wana hoja. Wapo watu wanaoandika barua baada ya barua bila kusudi ila kuudhi, na sheria ya Uingereza inaruhusu maombi ya aina hiyo yakataliwe. Ila kikomo cha saa kina kasoro isiyotajwa sana: afisi yenye faili zilizovurugika hukifikia upesi kuliko ile iliyopanga kumbukumbu zake vyema, na hivyo uzembe hugeuka kuwa kinga. Tume iliyoongozwa na Lord Burns ilipolichunguza suala hilo upya, ripoti yake ya Machi 2016 ilikataa pendekezo la kutoza ada.

Mwaka huo huo Kenya ilipitisha Sheria ya Kupata Habari ili kutekeleza Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010. Kuwasilisha ombi ni bure, na linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Kinacholipiwa ni nakala, na malipo hayapaswi kuzidi gharama halisi ya kuzitoa. Afisa ana siku 21 za kujibu, au saa 48 iwapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ikiwa kazi ni kubwa kupindukia, anaweza kuongeza siku zisizozidi 14, mara moja tu. Kwa hiyo ni busara mwombaji ataje mradi, mwaka na stakabadhi anayoitaka, badala ya kuomba kila kilichomo afisini. Anayenyimwa habari, au anayeona ametozwa ada isiyofaa, ana siku 30 tangu kuarifiwa uamuzi huo kuuwasilisha kwa afisi ya Ombudsman ili uchunguzwe upya.