Jinsi vifaa visivyo na waya vinavyowafikishia sauti wenye usikivu hafifu

MTU mwenye usikivu hafifu anaweza kuzungumza vizuri na jirani aliyeketi naye barazani, kisha siku hiyo hiyo akatoka msikitini au kanisani bila kuelewa hata nusu ya mawaidha. Ndugu zake hushangaa, na wapo wanaomshuku kuwa husikia pale tu anapotaka. Kumbe tofauti haiko katika utashi wake, bali katika umbali uliopo kati ya sikio lake na kinywa cha msemaji.

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa mwaka 2021, zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kati yao milioni 430 wanahitaji huduma za utengemao. Karibu asilimia 80 ya wale ambao upungufu huo unawaathiri vikubwa wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kifaa kinachofahamika zaidi kwa watu hao ni shimesikio, kile kidude kidogo kinachovaliwa nyuma ya sikio au kuingizwa tunduni. Ndani yake mna maikrofoni, kikuza sauti na spika ndogo. Msemaji akiwa umbali wa mita moja au mbili na chumba kikiwa kimya, shimesikio hufanya kazi yake ipasavyo.

Udhaifu wake hujitokeza pale mvaaji anapoingia darasani, mahakamani, kwenye ukumbi wa mikutano au nyumba ya ibada. Shimesikio halijui ni sauti ipi inayotakiwa. Hukuza sauti ya mwalimu, na pamoja nayo hukuza feni la darini, viti vinavyoburutwa na bodaboda inayopita nje. Mashimesikio ya kisasa yana ujanja wa kupunguza kelele na kuelekeza maikrofoni upande wa mbele, lakini hayawezi kuirudisha sauti ambayo imefika sikioni ikiwa tayari imezidiwa.

Jambo hili linaeleweka vizuri zaidi kwa hesabu. Mahali pasipo na vizuizi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, nguvu ya sauti hupungua kwa desibeli 6. Mwalimu ambaye sauti yake ina desibeli 65 kwa mwanafunzi aliye mita moja mbele yake, humfikia aliye mita 2 kwa desibeli 59, aliye mita 4 kwa desibeli 53, na aliye mita 8 kwa desibeli 47. Darasa lililojaa watoto, huku feni likizunguka, linaweza kuwa na kelele ya desibeli 50 au zaidi. Maana yake ni kwamba kwa mtoto aliyeketi nyuma, kelele imeishinda sauti ya mwalimu hata kabla haijaingia kwenye kifaa chake.

Ni kweli kwamba ndani ya chumba kuta huirudisha sauti, hivyo haipungui haraka kiasi hicho. Lakini msaada huo ni wa hasara. Sauti inayorudi kutoka kwenye kuta za saruji, madirisha ya vioo na sakafu ya marumaru huchelewa, ikaja kuliangukia neno linalofuata. Mwenye masikio mazima huuchuja mwangwi huo bila kujua. Mwenye usikivu hafifu husikia mseto wa maneno. Na mvua inaponyesha juu ya mabati yasiyo na dari, hata wenye masikio mazima hukaa tu wakisubiri iishe.

Kuongeza sauti ya spika za ukumbini, ambayo ndiyo dawa ya haraka ya mafundi mitambo wengi, mara nyingi huongeza mwangwi na kelele kwa pamoja. Kinachohitajika ni kuichukua sauti mlangoni kabisa, yaani kinywani mwa msemaji, na kuifikisha sikioni bila kuipitisha hewani. Hiyo ndiyo kazi ya vifaa vya kusikilizia visivyo na waya. Maikrofoni inayovaliwa sentimita 20 kutoka kinywani huipokea sauti ya yule mwalimu wa desibeli 65 ikiwa na takriban desibeli 79. Mwanafunzi wa safu ya mwisho huisikia kana kwamba mwalimu ameinama kando yake.

Vifaa hivyo vyote vina sehemu tatu: maikrofoni upande wa msemaji, kipeperushi kinachoirusha sauti, na kipokezi kilicho kwa msikilizaji. Vinachotofautiana ni chombo kinachoibeba sauti hiyo kuvuka ukumbi. Vipo vinavyotumia sumaku, vinavyotumia mawimbi ya redio na vinavyotumia mwanga usioonekana kwa macho.

Mfumo wa sumaku ndio mkongwe kuliko yote, na hataza yake ya kwanza ilitolewa nchini Uingereza mwaka 1937 kwa Joseph Poliakoff, mhandisi aliyehamia huko kutoka Urusi. Waya huzungushwa chumba kizima, chini ya zulia au ndani ya sakafu, kisha ukaunganishwa na kikuza sauti maalumu. Msemaji anapozungumza, umeme unaopita kwenye waya huo hupanda na kushuka kufuatana na sauti yake, na hivyo kutengeneza uga wa sumaku unaobadilika ndani ya eneo lililozungukwa. Ukumbi wenyewe una waya, ila msikilizaji hana. Anaweza kukaa popote ndani ya mzingo huo au kutembea.

Anayeupokea uga huo ni koili ndogo iliyomo ndani ya shimesikio, iitwayo telekoili. Mwanzoni iliwekwa kwa ajili ya simu za mezani, ambazo spika zake zilivujisha sumaku ya kutosha kuinaswa, na ndiyo maana alama yake ni herufi T. Mashimesikio mengi ya zamani yana swichi yenye herufi M, T na O: M kwa maikrofoni, T kwa telekoili na O kwa kuzima. Mvaaji akisogeza swichi kwenye T, kelele za ukumbi hukatika na sauti ya msemaji ikabaki peke yake. Hahitaji kukodi kifaa, kuunganisha simu wala kumwambia mtu yeyote kwamba ana tatizo la kusikia.

Faida hiyo ya mwisho haipaswi kupuuzwa. Wapo wazee wengi ambao wako radhi kukaa kimya katika kikao cha ukoo kuliko kuvaa kitu kitakachowafanya watazamwe.

Nchini Uingereza mizingo ya aina hiyo imewekwa kwenye makanisa, kumbi za maonyesho, madirisha ya benki na posta, na hata ndani ya teksi nyeusi za London. Mahali penye huduma hiyo hubandikwa alama ya sikio lililokatwa na mstari wa mshazari, yenye herufi T pembeni. Malalamiko yanayorudiwa huko si kukosekana kwa mizingo, bali kukuta alama ipo mlangoni ilhali mtambo umezimwa na hakuna mhudumu anayejua swichi iko wapi.

Mfumo huu una kasoro zake pia. Nondo nyingi ndani ya zege huipunguza nguvu ya sumaku, na nyaya za umeme zilizofungwa vibaya huleta mngurumo usiokwisha. Aidha, uga wa sumaku hauheshimu kuta. Mtu aliye chumba cha pili, akiwa kwenye T, anaweza kusikia kikao kisichomhusu, isipokuwa kama mafundi wameupanga waya kwa namna ya kuzuia hilo.

Kwa vikao vya siri na mahakama, kinachofaa zaidi ni mionzi ya infraredi, mwanga ule ule usioonekana unaotumika kwenye rimoti za televisheni. Haupenyi ukuta, hivyo siri hubaki ndani. Hata hivyo, jua kali huuvuruga, jambo linaloufanya kuwa chaguo baya kwa kumbi zetu nyingi za pwani zilizojengwa wazi ili kupitisha upepo.

Shuleni historia ni ya mawimbi ya redio. Mwalimu huvaa maikrofoni yenye kipeperushi cha masafa ya FM, na mtoto huwa na kipokezi kilichochomekwa kwenye shimesikio lake. Kwa miongo kadhaa hicho ndicho kilichokuwa kifaa kikuu cha wanafunzi wenye usikivu hafifu katika nchi zenye uwezo. Kila darasa lililazimika kuwa na chaneli yake, la sivyo mtoto wa darasa la tatu angeweza kufundishwa hesabu za darasa la sita. Kuanzia mwaka 2013, kampuni ya Phonak ya Uswisi ilipoleta mfumo wake wa kidijitali uitwao Roger unaotumia masafa ya gigahezi 2.4, tatizo hilo lilipungua sana, kwani mfumo huo huruka wenyewe kutoka chaneli moja hadi nyingine. Bei yake, hata hivyo, iko mbali na mifuko ya wazazi wengi.

Wasomaji wengi wa mijini watakuwa wamekwishaisikia Bluetooth. Mwaka 2014 kampuni ya ReSound ya Denmark iliingiza sokoni shimesikio lililounganishwa moja kwa moja na simu ya iPhone, bila kifaa cha kati cha kuning'iniza shingoni. Tangu hapo mvaaji anaweza kupokea simu masikioni, na pia kuiweka simu hiyo mezani mbele ya msemaji ikatumika kama maikrofoni. Septemba 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha programu inayowezesha vipokea sauti vya AirPods Pro kutumika kama shimesikio kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa wastani.

Bluetooth ya kawaida ina mipaka miwili kwa matumizi ya ukumbini. Kwanza, iliundwa kwa ajili ya kuunganisha kifaa kimoja na kingine, si mimbari moja na waumini mia tatu. Pili, sauti yake huchelewa kwa kiasi cha sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na kwa mtu anayesaidika kwa kusoma midomo, kuchelewa huko kunatosha kumchanganya. Mfumo mpya uitwao Auracast, uliotangazwa mwaka 2022 na taasisi inayosimamia Bluetooth, umekusudiwa kuondoa mipaka hiyo: kipeperushi kimoja hurusha sauti kwa wasikilizaji wasio na idadi, wenye mashimesikio na wenye vipokea sauti vya kawaida, bila kuchelewa sana. Kumbi zilizoufunga bado ni chache, na vifaa vya masikioni vilivyonunuliwa miaka ya nyuma haviupokei.

Hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuwa macho. Ili kuyafanya mashimesikio yawe madogo zaidi, watengenezaji wameiondoa telekoili katika aina nyingi mpya. Katika nyingine ipo, lakini haikuwashwa siku kifaa kilipopangwa kwa kompyuta, na mvaaji hukaa nayo miaka bila kujua. Swali la kumuuliza mtaalamu wa usikivu kabla ya kulipa ni moja: je, kina telekoili, na imewashwa? Anayenunua leo aulize na la Auracast. Swali hilo linawahusu pia waliopandikizwa kifaa cha usikivu ndani ya sikio, huduma iliyoanza kutolewa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2017, kwa kuwa vingi vya vifaa hivyo navyo hupokea sauti kwa njia zisizo na waya.

Vikuza sauti vya bei rahisi vinavyouzwa mitandaoni na mitaani ni jambo jingine. Hivyo hukuza kila kitu kwa kiwango kimoja bila kufuata vipimo vya sikio la mtumiaji, na vikifunguliwa sana vinaweza kuongeza madhara. Vilevile, si kila kiziwi anahitaji vifaa hivi. Wapo ambao hakuna sauti iliyokuzwa kiasi gani itakayowafaa, na wapo ambao Lugha ya Alama ndiyo lugha yao. Kwao haki ya kufikiwa ni mkalimani, si maikrofoni.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikatungwa mwaka 2010. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataka majengo, habari na mawasiliano vifikiwe na wote. Katika majengo, utekelezaji wake umeonekana zaidi kwenye njia za viti vya magurudumu, kwa sababu ngazi huonekana kwa macho. Kizuizi cha sauti hakionekani, na anayekutana nacho mara nyingi huitikia kwa kichwa na kutabasamu.

Hata penye vifaa, mengi hutegemea mwenye kushika maikrofoni. Mchangiaji anayesema "mimi sauti yangu inatosha" na kuikataa, amewatoa nje ya mkutano wote walio kwenye T. Swali la mwanafunzi aliyeketi nyuma lisiporudiwa na mwalimu, mwenye kipokezi husikia jibu lisilo na swali. Naye mwalimu asikose kuzima maikrofoni anapokwenda ofisini, maana mtoto aliyebaki darasani ataendelea kuyasikia yote yanayosemwa huko.

Kwa kamati za ujenzi wa misikiti, makanisa na kumbi, wakati wa kuulaza waya wa mzingo ni kabla ya marumaru kupangwa. Mzingo ukishafungwa, kipimo cha kwanza ni kumwomba mtu anayevaa shimesikio auzunguke ukumbi mzima akiwa kwenye T, huku msomaji akisoma mimbarini, na aonyeshe kwa mkono kila mahali sauti inapofifia.