Cream Ale: Bia Iliyozaliwa Baada ya Wapika Ale wa Marekani Kuporwa Wateja

Kwanza jina lenyewe ni kamba. Cream ale haina krimu. Haina maziwa, haina siagi, haina chochote kilichotoka kwa ng'ombe. Ni bia nyepesi ya rangi ya dhahabu iliyopauka, povu jeupe, uchungu kiduchu, kilevi asilimia 4.2 mpaka 5.6 hivi. Ukipewa kwenye glasi bila kuambiwa utaapa ni lager ya kawaida, ile ile ya baa yoyote. Na stori yote ipo hapo, maana ilitengenezwa makusudi ili udhani hivyo.

Kwa wasiojua: bia zina koo mbili kubwa, na kinachozitenganisha ni hamira. Ukoo wa ale unatumia hamira inayopenda joto, kama nyuzi 18 mpaka 22, inafanya kazi haraka na inaacha harufu za matunda. Ukoo wa lager unatumia hamira inayotaka baridi, nyuzi 8 mpaka 13, halafu bia inalazwa wiki kadhaa karibu na kiwango cha maji kuganda mpaka itulie, iwe safi na nyororo. Hata hilo neno lager limetokana na neno la Kijerumani la kuweka kitu ghalani.

Marekani ilikuwa nchi ya ale tangu enzi za Waingereza. Wapika ale wa New York, Albany na Philadelphia walikuwa watu wazito mjini, wenye majengo na wateja wa baba na mtoto. Hakuna aliyekuwa anawasumbua. Kisha mwaka 1840, kwa mujibu wa simulizi inayokubalika na wengi, Mjerumani mmoja mhamiaji akapika lager kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake pale Philadelphia, kwa hamira aliyotoka nayo Bavaria. Safari ya baharini ilikuwa imefupishwa na meli za matanga za mwendo kasi, ndiyo maana hamira ilifika ikiwa hai. Kibanda tu, nyuma ya nyumba. Wazee wa ale wangeambiwa siku ile kwamba huyo ndiye kiama chao, wangecheka mpaka wadondoke.

Baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa kule Ujerumani, wahamiaji wakamiminika kwa mamia ya maelfu. Wakafungua kumbi za bia na bustani ambazo Jumapili baba, mama na watoto wanakaa pamoja, bendi inapiga. Vijana wa Kimarekani wakachungulia, wakaonja, wakahama. Lager ilikuwa inang'aa kwenye glasi, ina gesi ya kutosha, inanyweka baridi wakati wa kiangazi. Ale ya mzee fulani ilikuwa nzito, imepoa nusu nusu, na ikikaa sana inaanza uchachu. Mapambano hayakuwa ya haki hata kidogo.

Sasa mpika ale afanye nini? Kuhamia lager kulihitaji mtaji ambao wengi hawakuwa nao: mahandaki ya kuhifadhia, tani za barafu iliyokatwa kwenye maziwa wakati wa baridi, na uwezo wa kuacha mzigo umelala wiki kadhaa bila kuingiza hata senti. Mwenye kiwanda cha ale alikuwa anauza bia baada ya siku chache. Ukimwambia asubiri miezi, mishahara ya wafanyakazi atailipa na nini?

Wakachagua njia ya kati, na kwa kweli ilikuwa akili kubwa. Wakabaki na hamira yao ya ale, lakini wakaichachusha sehemu ya baridi kuliko ilivyozoea. Wakapunguza hopsi. Wakaongeza gesi na kuiuza ikiwa mbichi, povu limejaa. Vitabu vya ufundi vya mwanzoni mwa miaka ya 1900 viliiweka cream ale kundi moja na ale changamfu, ya kunywa hapo hapo bila kulazwa. Wengine walichanganya hamira za aina zote mbili, wengine wakachanganya bia yenyewe, ale na lager ndani ya pipa moja. Usafi wa kiukoo haukuwa na maana tena. Mteja alikuwa anaondoka.

Kuna suala la mahindi pia. Shayiri ya Marekani ya safu sita ilikuwa na protini nyingi, na bia ya protini nyingi inatoka na ukungu. Mtaalamu mmoja aliyetokea Bohemia, akafika Marekani mwaka 1868, akawa anawahubiria wenye viwanda kwamba wakichanganya mahindi au mchele, bia itatakata na kuwa nyepesi. Wapika ale nao wakadaka hiyo mbinu. Leo mwongozo wa mashindano ya bia za nyumbani unaruhusu mahindi mpaka asilimia 20 kwenye cream ale, na sukari vivyo hivyo. Mtu wa Mbeya aliyekua anaiona komoni hawezi kushtuka kusikia mahindi yamo ndani ya pombe, ila Wajerumani wengi wa enzi hizo waliona ni kufuru.

Turudi kwenye hopsi, yale maua ya mmea unaotambaa kwenye nguzo, yanayoipa bia uchungu na harufu. Kwa miaka mingi Marekani ilikuwa na aina moja kubwa, Cluster, ambayo inaaminika ilitokana na hopsi za Ulaya kukutana na za porini za Amerika. Karne ya 19 jimbo la New York ndilo lilikuwa chimbo kubwa la hopsi nchini, hasa maeneo ya karibu na Cooperstown. Msimu wa kuchuma ulikuwa kama sikukuu: wanawake, watoto na vibarua kutoka mijini wanashinda shambani, usiku ni ngoma na dansi. Baadaye magonjwa ya ukungu yakashambulia mashamba, na kilimo kikahamia magharibi, California, Oregon na bonde la Yakima kule Washington.

Cluster ilikuwa inatoa uchungu wa uhakika na inavumilia kuhifadhiwa, ila harufu yake ilisemwa vibaya sana. Waingereza walikuwa wanaifananisha na paka, na hawakumaanisha manyoya. Aliyetaka harufu ya kistaarabu aliagiza hopsi za Ulaya kwa bei ya juu. Kwa cream ale, mpika bia mwenye bajeti ya kubana alikuwa na jibu rahisi zaidi: weka Cluster kidogo, mapema, ichemke muda mrefu. Ikichemka saa nzima harufu yote inapanda na mvuke, unabaki uchungu tu. Wengi leo wanadhani cream ale ina hopsi chache kwa sababu watu wa zamani hawakuwa na ladha. Kumbe ilikuwa hesabu ya mtu aliyekuwa anakwepa paka na gharama kwa mpigo mmoja.

Januari 1920 marufuku ya pombe ikaanza nchi nzima, ikadumu mpaka Desemba 1933. Viwanda vikauza soda, barafu, aiskrimu, na makopo ya sharubati ya kimea yaliyoandikwa ni ya kuokea mikate. Watu walinunua makopo mengi kuliko mikate iliyowahi kuonekana. Majumbani bia ilichachuka jikoni, kwa hamira ya mkate, joto lolote lililokuwepo, chupa zikipasuka usiku. Ladha yake wazee waliikumbuka kwa uchungu kwa miaka mingi.

Cream ale ilitoka upande wa pili ikiwa hoi lakini hai, hasa majimbo ya kaskazini-mashariki na Ohio. Mwaka 1958 kiwanda kimoja cha Cincinnati kikaleta Little Kings, kwenye vichupa vya kijani vya mililita 207 hivi. Mwaka 1960 Rochester, New York, ikaja Genesee Cream Ale, na hiyo ndiyo iliyolifanya jina lidumu mpaka leo. Bei ya mtu wa kawaida, kopo la kijani, wanafunzi wa vyuo wakaipa majina ya utani. Si bia ya kujidai nayo. Ndiyo iliyoifanya iponee.

Halafu kulikuwa na upuuzi wa kisheria. Marufuku ilipoisha, kutengeneza divai nyumbani kuliruhusiwa lakini bia ikaachwa nje. Kwa miaka 45 mtu aliyepika ndoo moja ya bia jikoni kwake alikuwa anavunja sheria ya taifa. Tarehe 14 Oktoba 1978 rais wa wakati huo alisaini sheria iliyoruhusu lita kama 378 kwa mwaka kwa mtu mzima anayeishi peke yake, na 757 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Muda huo viwanda vya bia vilivyobaki Marekani nzima havikufika hata 100, kutoka zaidi ya 4,000 vilivyokuwepo mwaka 1873. Majimbo ya mwisho kuruhusu, Alabama na Mississippi, yalisubiri mpaka 2013.

Basi wapishi wa nyumbani wakatoka mafichoni, na wengi wakajikuta na tatizo lile lile la wazee wa ale: wanataka bia safi kama lager, hawana vifaa vya lager. Cream ale ikawa jibu lao. Hopsi sasa zilikuwa za kuchagua. Cascade ilitolewa 1972, yenye harufu ya balungi, nzuri kwenye bia nyingine ila kwenye cream ale inakuja kama mgeni anayeongea kwa sauti msibani. Waliotulia walichagua za upole, Willamette, Liberty, Crystal, au Hallertau ya Kijerumani. Wengine wanaitumia Cluster mpaka leo kwa heshima ya historia. Kiasi chenyewe ni kidogo mno: gramu 20 za hopsi zenye asidi chungu asilimia 6, zikichemka dakika 60 kwenye lita 19, zinatosha kufika vipimo 14 au 15 vya uchungu, wakati mtindo wenyewe unacheza kati ya 8 na 20.

Wanaoanza wanagombana sana kuhusu hopsi. Ila kwenye bia hii hopsi ukikosea kidogo watu wanakunywa tu. Joto ukikosea, kila mtu anajua. Bia nyeusi ina kimea cha kuungua cha kuficha madhambi, bia chungu ina hopsi. Cream ale haina pa kujificha. Ikichachuka kwenye nyuzi 24, hamira inatoa harufu za ndizi na pombe kali inayochoma koo. Ikichachuka nyuzi 15 mpaka 18, inatulia. Nako ukizidisha baridi, hamira ya ale inasinzia na bia inabaki na utamu usioisha. Siku za mwanzo ndizo za hatari, maana hamira ikichangamka inazalisha joto lake yenyewe, na kilichomo ndani ya ndoo kinaweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi kadhaa. Aliyepima hewa ya chumba amejidanganya.

Wasio na friji ya ziada walibuni njia ya kimaskini inayofanya kazi vizuri: ndoo inakaa ndani ya beseni la maji, inavalishwa fulana iliyolowa, feni inapulizia pembeni. Maji yanavyokauka yanachukua joto, kama mtungi wa bibi uliowekwa kivulini. Mchana wa joto unatupia chupa za maji yaliyoganda kwenye beseni. Ikimaliza kuchacha, inapandishwa nyuzi mbili tatu kwa siku mbili ili hamira isafishe ile harufu ya siagi iliyoiacha yenyewe, kisha inapelekwa kwenye baridi ya nyuzi 1 mpaka 4, wiki mbili au tatu. Hii sehemu ya mwisho wazee wa karne ya 19 hawakuwa na nafasi nayo, kwa sababu mishahara ilikuwa inasubiri.